Chumvi ikiyeyuka, maji yataegemea wapi? Namna ya kutabiri asidi na besi kabla hujapima

Swali ni moja, ila huja na sura nyingi. Mwanafunzi wa Wete ananiandikia: "Mwalimu, chumvi ya mezani haiyafanyi maji kuwa asidi wala besi, nimekubali. Sasa kwa nini asetati ya sodiamu ni besi na kloridi ya amonia ni asidi, na zote ni chumvi?" Wiki haijesha, mwengine wa Mwanakwerekwe anauliza kama ipo orodha ya chumvi zote aihifadhi kabla ya mtihani. Orodha hiyo haina mwisho, na lau ingekuwa nayo nisingekushauri uihifadhi. Iko njia ya kuiuliza chumvi yenyewe, hata ile ambayo hujapata kuiona, nayo ikakujibu.

Na pengine jibu umeshaliona kwenye nguo. Umetoka Ijumaa, umekaa kula, tone la mchuzi limeangukia kanzu nyeupe. Ukachukua sabuni ya mche ukasugua. Doa lililokuwa la njano likageuka jekundu mbele ya macho yako, kama mtu aliyetemea tambuu. Wengi hapo hushtuka na kudhani kanzu imeharibika. Kamulia ndimu: doa linarudi njano. Manjano yaliyomo kwenye mchuzi hubadilika rangi yakikutana na besi, na sabuni ni chumvi: ni mtoto wa asidi ya mafuta na magadi makali ya sodiamu. Chumvi hiyo ilipoyeyuka iliyavuta maji upande wa besi. Ukimaliza mwongozo huu utaweza kusema hivyo kwa kuitazama fomula tu, kabla hujaishika sabuni.

Vitu vya kuwa navyo

Kwa kazi ya daftari unahitaji kalamu, jedwali la elementi, na namba chache za Ka, yaani kipimo cha nguvu ya asidi; cha besi ni Kb, na namba ikiwa kubwa nguvu ni kubwa. Zile zitakazotumika humu ni hizi: asidi ya siki 1.8 × 10⁻⁵. Amonia (Kb) 1.8 × 10⁻⁵. Ioni ya amoniamu 5.6 × 10⁻¹⁰. Asidi ya kaboni, hidrojeni ya kwanza 4.3 × 10⁻⁷ na ya pili 4.7 × 10⁻¹¹. Vitabu hutofautiana kidogo kwenye tarakimu ya pili. Jibu la asidi au besi halibadiliki kwa hilo.

Kwa kupima nyumbani:

- manjano ya unga, yale ya dukani au uliyotwanga mwenyewe, mradi hayakuchanganywa na bizari nyengine
- spiriti ya dukani ya kusafishia vidonda, vijiko vitatu vinne
- karatasi nyeupe isiyong'aa
- karatasi chache za litimasi ya buluu, kama skuli yako inazo
- vikombe vya plastiki vyeupe na mrija wa kudondoshea
- chumvi ya mezani, magadi, bikaboneti ya kuokea, shabu na kipande cha sabuni ya mche. Darajani au Chake utavipata vyote asubuhi moja
- maji yasiyo na kitu ndani yake

Hicho cha mwisho ndicho kinachowaangusha watu wengi, kwa hivyo nakisema mapema. Usitumie maji ya kisima. Sehemu kubwa ya Unguja imekaa juu ya mawe ya matumbawe, na maji yanayopita humo hubeba bikaboneti ya kalsiamu. Ule ukoko mweupe chini ya birika ni yeye. Maji hayo tayari yameegemea besi hata kabla hujatia kitu. Kinga mvua kwa bakuli uwanjani, mvua ikiwa imeshanyesha kitambo, wala usiikinge kwenye bomba la paa au kwenye tangi la saruji. Halafu ichemshe dakika kumi, ifunike, iache ipoe. Kuchemsha kunatoa hewa ya kaboni, ambayo peke yake huyashusha maji safi ya mvua mpaka pH ya 5.6 hivi (katika kipimo cha pH, 7 ni ya kati, chini yake ni asidi, juu yake ni besi).

Tahadhari: ukienda dukani kuuliza "maji ya betri", soma chupa. Baadhi ni maji yaliyotoneshwa, na baadhi ni asidi ya salfuriki inayounguza ngozi na macho. Jina la mtaani ni moja. Kama chupa haina maandishi, usiinunue.

Hatua za kutabiri

1. Hakikisha unachokitazama ni chumvi, na kwamba kinayeyuka. Sukari si chumvi. Urea, ingawa ni mbolea na ina punje nyeupe, si chumvi. Ikiyeyuka haigawanyiki kuwa ioni. Chokaa iliyozimwa, Ca(OH)₂, ni besi yenyewe, haina haja ya kutabiriwa. Na kitu kisichoyeyuka hakina cha kuyafanya maji, kwa mfano salfeti ya bariamu.

2. Ivunje chumvi vipande viwili, ioni chanya na ioni hasi, na uandike chaji zake.

NaCl → Na⁺ na Cl⁻
CH₃COONa → CH₃COO⁻ na Na⁺
NH₄Cl → NH₄⁺ na Cl⁻
Na₂CO₃ → 2Na⁺ na CO₃²⁻

Kosa la kawaida hapa ni kuzivunjavunja ioni zenye atomu nyingi. NH₄⁺ huenda pamoja. CO₃²⁻ huenda pamoja. Nikiona daftari lina "N, H na Cl" najua hatua zote zinazofuata zitapotea, hata hesabu ikiwa nzuri vipi.

3. Tafuta wazazi. Kila chumvi ina mama na baba. Ioni chanya imetoka kwa besi. Ipe OH⁻ umjue mama. Ioni hasi imetoka kwa asidi. Ipe H⁺ umjue baba. Na⁺ akipewa OH⁻ unapata NaOH. CH₃COO⁻ akipewa H⁺ unapata CH₃COOH, asidi ya siki. Amoniamu ana namna yake: yeye ni amonia, NH₃, iliyopokea H⁺, basi mama yake ni amonia. Ukikuta NH₄OH kwenye daftari la kaka yako usigombane naye, ni namna ya zamani ya kuandika amonia iliyomo majini.

4. Uliza kila mzazi: wewe ni mwenye nguvu au dhaifu? Hapa ndipo penye kuhifadhi, na hapana pengine. Asidi zenye nguvu ni sita: HCl, HBr, HI, HNO₃, HClO₄ na H₂SO₄. Besi zenye nguvu ni hidroksidi za kundi la kwanza la jedwali, kama NaOH na KOH, pamoja na za kalsiamu, strontiamu na bariamu. Aliyekosekana kwenye orodha hii muhesabu dhaifu.

Nguvu si ukolezi. Siki ni asidi dhaifu hata ukiijaza ndoo, kwa sababu molekuli zake nyingi hubaki nzima majini. Tone moja la HCl ndani ya pipa bado ni asidi yenye nguvu, kwa sababu molekuli zake zote zimegawanyika. Na usimpime mzazi kwa ubaya wake: HF hula kioo na ni hatari kubwa kwa mwili, lakini ni asidi dhaifu, Ka yake ni 6.8 × 10⁻⁴ hivi. Ndiyo maana floridi ya sodiamu, ile ya kwenye dawa ya meno, huyavuta maji kidogo upande wa besi.

5. Wafute watoto wa wenye nguvu. Methali ya mtoto wa nyoka ni nyoka haifai katika somo hili. Asidi yenye nguvu imeiachia hidrojeni yake moja kwa moja na haina hamu ya kuirudia, kwa hivyo mtoto wake, Cl⁻ au NO₃⁻, hukaa majini kimya. Hivyo hivyo Na⁺, K⁺, Ca²⁺ na Ba²⁺. Wapige mstari. Hawa ni watazamaji.

Mtoto wa mzazi dhaifu ndiye mwenye kazi. CH₃COO⁻ bado anaitaka hidrojeni, na akikosa kwa kuipata huikwapua kwenye maji. Lakini tafadhali usiandike kwamba mtoto wa asidi dhaifu ni besi yenye nguvu. Nimeliona hilo kwenye karatasi za mtihani mara nyingi, na mwalimu hana budi kukata alama. Ni besi dhaifu, ila inatosha kuonekana.

Na salfeti je? Hidrojeni ya pili ya H₂SO₄ haiachiwi yote, basi SO₄²⁻ ana uchu mdogo sana. Kwa ngazi ya skuli muhesabu mtazamaji, hutakosea.

6. Soma aliyebaki.

Hakuna aliyebaki: maji ni ya kati, si asidi wala besi. NaCl, KNO₃ na CaCl₂ zimo humu.

Amebaki ioni hasi peke yake: maji ni besi. Andika mlinganyo wake, bila ya sodiamu:

CH₃COO⁻ + H₂O ⇌ CH₃COOH + OH⁻

Amebaki ioni chanya peke yake: maji ni asidi.

NH₄⁺ + H₂O ⇌ NH₃ + H₃O⁺

Mshale uwe wa pande mbili. Ni sehemu ndogo tu ya ioni inayobadilika. Kwenye asetati ya sodiamu ya 0.1 M, yaani mole 0.1 katika kila lita, ni chini ya moja kati ya elfu kumi. Ukiandika mshale wa upande mmoja umesema zote zimegeuka, na hilo si kweli.

Kwa wanafunzi wengi kazi inaishia hapa. Chumvi tatu za swali la Wete zimeshajibika: ya kwanza imefutwa pande zote mbili, ya pili amebaki mtoto wa siki, ya tatu amebaki mtoto wa amonia. Hatua tatu zinazofuata ni za zile chumvi ambazo mtunga mtihani anazipenda.

7. Wamebaki wote wawili? Walinganishe. Chukua Ka ya ioni chanya na Kb ya ioni hasi; mwenye namba kubwa ndiye anayeyavuta maji. Kb ya mtoto huipati kwenye jedwali mara nyingi, lakini unaitengeneza: gawa 1.0 × 10⁻¹⁴ kwa Ka ya baba yake.

Asetati ya amoniamu: Ka ya NH₄⁺ ni 5.6 × 10⁻¹⁰, na Kb ya CH₃COO⁻ ni 5.6 × 10⁻¹⁰ vilevile. Wanavutana sawasawa, maji yanabaki karibu na 7. Kaboneti ya amoniamu: Kb ya CO₃²⁻ ni 2.1 × 10⁻⁴, kubwa mno kwa mwenzake, basi ni besi. Floridi ya amoniamu: Kb ya F⁻ ni 1.5 × 10⁻¹¹ tu, kwa hivyo amoniamu anashinda na maji yanakuwa asidi kidogo. Usiseme "dhaifu kwa dhaifu ni kati". Sentensi hiyo inahifadhiwa sana na inawaponza watu.

8. Ioni hasi bado ina hidrojeni? Simama. Ioni kama HCO₃⁻, HSO₄⁻, H₂PO₄⁻ na HPO₄²⁻ zinaweza kutoa hidrojeni na zinaweza kupokea. Vitabu huziita chumvi zake "chumvi za asidi", na jina hilo limewapoteza wengi, kwani mtu husoma jina akaandika jibu. Jina linasema tu kwamba hidrojeni imebaki ndani. Halisemi maji yatakuwaje.

Tufanye bikaboneti kwa utulivu, kwa sababu ndiyo iliyomo jikoni na ndiyo iliyomo visimani mwetu. HCO₃⁻ akitoa hidrojeni anakuwa CO₃²⁻. Nguvu yake ya kutoa ni Ka ya pili ya asidi ya kaboni, 4.7 × 10⁻¹¹. Akipokea anakuwa H₂CO₃. Nguvu yake ya kupokea ni 1.0 × 10⁻¹⁴ gawanya kwa Ka ya kwanza, 4.3 × 10⁻⁷, unapata 2.3 × 10⁻⁸. Weka namba hizo mbili kando kwa kando. Ya kupokea ni kubwa takriban mara mia tano. Basi maji ya bikaboneti ni besi, pH yake karibu na 8.3, ijapokuwa vitabu vinaiita chumvi ya asidi.

Angalia Ka ipi inakwenda wapi. Kutoa hutumia Ka inayofuata. Kupokea hutumia Ka iliyopita. Ukizibadilisha utapata jibu la kinyume na hesabu yako itaonekana safi.

Kwa njia hiyo hiyo: HSO₄⁻ ni asidi waziwazi, Ka yake ni 1.2 × 10⁻² na baba yake ana nguvu, hawezi kupokea. H₂PO₄⁻ ni asidi. HPO₄²⁻ ni besi. Hizi mbili za mwisho zifanye mwenyewe. Ka tatu za asidi ya fosfori ni 7.5 × 10⁻³, 6.2 × 10⁻⁸ na 4.8 × 10⁻¹³.

9. Ioni chanya ni metali ndogo yenye chaji kubwa? Hapa njia ya wazazi inahitaji jicho la ziada. Chukua shabu, lile jiwe angavu ambalo vinyozi hupaka kwenye shavu likizuia damu, na ambalo watu wamelitumia tangu zamani kusafishia maji ya matope. Fomula yake ni KAl(SO₄)₂·12H₂O. K⁺ mfute. SO₄²⁻ mfute. Amebaki Al³⁺. Mama yake, hidroksidi ya alumini, hayumo kwenye orodha ya wenye nguvu, basi tunatarajia asidi. Lakini mwanafunzi mwerevu huuliza: asidi itoke wapi, na Al³⁺ haina hidrojeni hata moja?

Inatoka kwenye maji yenyewe. Al³⁺ ni ndogo na chaji yake ni kubwa, kwa hivyo hujizungushia molekuli sita za maji na kuzibana. Inazivuta elektroni zao kwa nguvu, mpaka moja ya hidrojeni inalegea na kuchukuliwa na maji ya jirani:

[Al(H₂O)₆]³⁺ + H₂O ⇌ [Al(H₂O)₅(OH)]²⁺ + H₃O⁺

Ka yake ni takriban 1.4 × 10⁻⁵. Ilinganishe na ile ya siki pale juu. Jiwe la kinyozi lina nguvu ya asidi inayokaribiana na siki ya achari. Fe³⁺ inaizidi Al³⁺, na Cu²⁺ ya mrututu imo pia ingawa ni hafifu. Mrututu ni sumu. Usiuonje, wala usiupime kwa kikombe kitakachorudi jikoni.

Na⁺ na K⁺ zina chaji moja tu, Ca²⁺ na Ba²⁺ ni kubwa kwa umbo, ndiyo maana haziwezi kufanya hivyo.

10. Ukiulizwa namba, hesabu sasa, si kabla. Kwa mtoto wa asidi dhaifu, ukolezi wa OH⁻ ni kipeuo cha pili cha Kb mara ukolezi wa chumvi. Asetati ya sodiamu 0.1 M: kipeuo cha pili cha 5.6 × 10⁻¹¹ ni 7.5 × 10⁻⁶, pOH (kipimo kama pH, ila cha OH⁻) 5.13, na pH 8.87. Kwa kloridi ya amoniamu 0.1 M namba ni zile zile ila upande wa pili: pH 5.13. Mara zote lilinganishe jibu na utabiri wako. Ukitabiri besi ukapata 5.13, umesahau kuitoa pOH kwenye 14.

Kuhakikisha kwa manjano

1. Zima jiko kwanza, spiriti inashika moto upesi. Koroga kijiko cha chai cha manjano kwenye vijiko vitatu vya spiriti, acha dakika kumi, chuja kwa kitambaa ambacho hukihitaji tena.

2. Chovya karatasi, ianike kivulini ikauke, ikate vipande vyenye upana wa kidole.

3. Tia maji robo kikombe katika kila kikombe, na kijiko kimoja cha chai cha chumvi unayoipima, sabuni ikwangue. Kikombe kimoja kiwe na maji matupu. Hicho ni shahidi wako, na bila ya shahidi hakuna kesi.

4. Andika utabiri wako juu ya kikombe kabla ya kudondosha. Nasisitiza hili kwa sababu ukishaiona rangi akili huanza kujitafutia sababu, na hutajua kama hatua uliielewa.

5. Dondosha tone moja moja, kila moja kwenye karatasi yake. Magadi yatatoa wekundu wa hudhurungi papo hapo. Sabuni nayo hivyo. Bikaboneti itatoa rangi hafifu, pengine ya machungwa, pengine hutaiona kabisa, 8.3 ipo ukingoni mwa manjano. Chumvi ya mezani na shahidi zitabaki njano.

6. Shabu pia itabaki njano, kwani manjano hayatofautishi asidi na maji ya kati. Hapo tumia litimasi ya buluu, itageuka nyekundu. Huna litimasi? Yeyusha shabu mpaka maji yasipokee tena, kisha yamimine juu ya kijiko cha bikaboneti. Yatatoa povu, kama uliyekamulia ndimu. Mchanganyiko wa bikaboneti na salfeti ya alumini ndio uliokuwa ukitoa povu ndani ya mitungi ya zamani ya kuzimia moto.

Ukikwama

Vikombe vyote vimetoka besi, hata cha chumvi ya mezani. Ni maji. Hili lilinipata nilipokuwa nafundisha skuli moja ya Unguja: tulichota kisimani kwa haraka, na kijana mmoja akasimama kuniambia kwamba kitabu kinadanganya, NaCl ni besi. Hatukuwa na kikombe cha shahidi. Tulipopima maji matupu alasiri ile, nayo yakatoa rangi ile ile. Tangu siku hiyo kikombe cha shahidi hukijaza mwanzo.

Nimetumia choya badala ya manjano na kila kitu ni chekundu. Choya yenyewe ni chachu. Ukiimimina nyingi unapima asidi yake, si ya chumvi. Tia matone mawili tu kwenye kikombe kizima, na hata hivyo usiitegemee kwa chumvi zinazokaribia 7. Kwa shabu usiitumie kabisa, kwani alumini inaweza kushikamana na rangi ya choya na kuigeuza kuelekea buluu bila ya besi yoyote.

Rangi imetoweka kabisa. Umetia maji ya klorini ya kufulia. Ni besi kweli, kwa kuwa HClO ni asidi dhaifu, lakini yanaua rangi kabla hayajaionesha. Na usiyachanganye na siki wala shabu: asidi hutoa humo gesi ya klorini, na gesi hiyo inaumiza mapafu.

Bikaboneti yangu imekuwa nyekundu sana kuliko ulivyosema. Umeichemsha, au ilikaa karibu na jiko. Joto huigeuza kaboneti, na Na₂CO₃ ya 0.1 M hufika 11.6. Magadi yanayolainisha maharage ni mchanganyiko wa hizo mbili, ndiyo maana yana ukali kuizidi bikaboneti.

Nimetengeneza asetati mwenyewe kwa siki na bikaboneti, imetoka asidi. Siki imebaki ndani. Ongeza bikaboneti kidogo kidogo mpaka povu likome. Ukizidisha nayo, utakuwa unapima bikaboneti.

Harufu inachoma pua. Umechanganya mbolea yenye amoniamu, kama SA (salfeti ya amoniamu), na magadi au chokaa. Besi imemnyang'anya amoniamu hidrojeni yake na amonia inapaa. Fungua madirisha, toka nje. Ni kemia ya hatua ya sita ikisukumwa mbele, lakini si ya kufanyiwa chumbani.

Mita ya skuli inasoma 6.9 kwa maji ya kati. Usiirekebishe kwa nguvu. Saba ni alama ya kati kwa nyuzi 25. Kwenye chumba cha nyuzi 30, jambo la kawaida kwetu wakati wa kaskazi, alama ya kati hushuka mpaka 6.92 hivi.

Bahari ni maji ya chumvi, na chumvi ni ya kati. Mbona pH ya bahari ni 8.1 hivi? Hili huulizwa sana na wanafunzi wa Pemba, na lina haki ya kuulizwa. Bahari haina NaCl peke yake. Ina bikaboneti na kaboneti kidogo pia, na hao ndio watoto wa mzazi dhaifu. Ukienda kwenye mashamba ya chumvi, tazama mabwawa kwa mpangilio wake: maji yakianza kukolea jua likiwaka, kaboneti ya kalsiamu hutangulia kukaa chini, ikifuatiwa na jasi, na NaCl huja baada yao. Chukua punje hizo za mwisho, zisuuze, ziyeyushe kwenye maji yako ya mvua yaliyochemshwa, udondoshe kwenye karatasi ya manjano. Zitabaki njano.